Kutoka Takwimu za Vifo hadi Ukumbusho: Donatien Dibwe dia Mwembu na Historia ya Maisha ya Kila Siku katika Nchi ya Shaba

1. Utangulizi

Mjini Kolwezi, katika mitaa iliyojengwa na kampuni ya migodi, nyumba za zamani zimepangwa kwa mistari iliyonyooka. Mpita njia huona matofali, mabati na miembe iliyozeeka. Mzee aliyezaliwa humo huona mengine: foleni ya wanawake waliosubiri posho, mizani ya kupimia watoto wachanga, baba anayerudi kutoka zamu ya usiku, na ofisi ya mkuu wa kambi ambayo kila mtoto aliijua na kuiogopa. Hayo yalikuwa maisha ya maelfu ya watu kwa zaidi ya nusu karne, lakini kwa muda mrefu hayakuhesabiwa kuwa historia. Historia iliyochapishwa ilikuwa ya mikataba, reli, wakurugenzi na tani za shaba.

Makala haya yanaeleza kazi ya mwanahistoria mmoja aliyeyaingiza maisha hayo katika maandishi ya kitaaluma, naye ni Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Hoja kuu ni kwamba kazi yake ilipita katika hatua tatu. Kwanza alihesabu, kisha akaingia ndani ya nyumba na kuitazama familia, na mwishowe akawaachia wakazi wenyewe nafasi ya kukumbuka hadharani. Kila hatua ilidai ushahidi wa aina mpya, na hatua ya mwisho ilidai pia lugha nyingine. Hapo ndipo jambo hili linapowahusu wataalamu wa Kiswahili, kwa kuwa mambo ambayo faili za kampuni ziliyaandika kwa Kifaransa, kambi iliyaishi kwa Kiswahili.

2. Kampuni, shaba na watu

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka huo huo ikaanzishwa ofisi ya kuajiri vibarua, Bourse du Travail du Katanga. Nchi ilikuwa na shaba nyingi na watu wachache, kwa hiyo vibarua walitafutwa mbali: Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha Lomami na Kasai, na baadaye Ruanda-Urundi. Katika miaka ya mwanzo wengi walikuja kwa miezi michache tu, bila wake zao, wakalala katika mabanda yaliyosongamana, na wengi wakafa kwa magonjwa.

Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 kampuni ilibadili siasa yake. Kumwajiri mtu kutoka mbali, kumfundisha kazi, kisha kumpoteza baada ya muda mfupi kulikuwa ghali, na migodi ya Rhodesia ilikuwa ikiwania watu wale wale. Mkataba wa miaka mitatu ukachukua nafasi ya ule wa miezi. Mfanyakazi akahimizwa kuja na mke, akapewa nyumba, na posho ikatolewa kwa kufuata idadi ya watu wa nyumbani mwake. Shule za kambi zikawekwa mikononi mwa wamisionari Wakatoliki, na hospitali zikaongezwa. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa wasimamizi wakuu wa siasa hiyo, aliieleza kwa fahari katika kijitabu kilichochapwa mwaka 1946. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: mtoto aliyezaliwa kambini, akalishwa na kampuni na kusomeshwa na kampuni, atakuwa mfanyakazi wa kampuni asiyehitaji kutafutwa porini.

Kolwezi ni mtoto wa enzi hiyo. Reli ya kuelekea Lobito ilikamilika mwaka 1931; mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1937, ukawa kitovu cha migodi ya magharibi: Ruwe, Musonoi, Kamoto na mingineyo. Watu waliokusanyika humo walitoka katika lugha nyingi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazini, ya uani na ya sala. Johannes Fabian alionyesha mwaka 1986, katika kitabu chake juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, kwamba kuenea kwa Kiswahili Katanga hakuelezwi na misafara ya wafanyabiashara wa mashariki peke yake. Siasa ya kazi, utawala na misheni vilikuwa na sehemu kubwa katika jambo hilo. Kwa maneno mengine, lugha ya kambi na kambi yenyewe vilijengwa kwa pamoja.

3. Miaka ya takwimu

Baada ya vyuo vikuu vya nchi kuunganishwa mwaka 1971 kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, taaluma za historia na lugha zilikusanywa Lubumbashi. Hapo walifundisha watu kama Bogumil Jewsiewicki na Jean-Luc Vellut, na jarida la Likundoli likatoa nafasi kwa tafiti za wanafunzi na walimu. Swali lililotawala lilikuwa la uchumi na jamii: mkulima na kibarua waliishije chini ya ukoloni? Nje ya nchi pia walitokea wanahistoria waliouchunguza ukanda huu. Bruce Fetter aliandika juu ya kuundwa kwa Elisabethville mwaka 1976, Charles Perrings juu ya wachimbaji weusi mwaka 1979, na John Higginson juu ya kuzaliwa kwa tabaka la wafanyakazi mwaka 1989. Walioandika juu ya wafanyakazi walishughulika zaidi na ajira, mishahara na migomo, hasa mgomo wa Desemba 1941, ambapo askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliokusanyika uwanjani Elisabethville.

Dibwe alichagua mlango mwingine. Tasnifu yake ya udaktari, iliyowasilishwa mwaka 1990 katika Chuo Kikuu cha Laval, Québec, ambako Jewsiewicki alikuwa amehamia, ilihusu viwanda na afya: namna maradhi na vifo vilivyobadilika katika Union Minière kuanzia mwaka 1910 hadi 1970. Kwa mtazamo wa kwanza somo hilo ni la madaktari. Lakini kifo kikiandikwa katika daftari la hospitali huwa kimeacha nyuma yake alama za maisha mazima. Mtu aliyekufa kwa kuhara damu anasimulia habari za maji na vyoo. Aliyekufa kwa nimonia anasimulia baridi ya Juni na Julai, blanketi moja, na banda lenye watu wengi. Mtoto aliyekufa kabla ya kutimiza mwaka anasimulia chakula cha mama yake. Hivyo takwimu, zikisomwa kwa subira, humrudisha msomaji jikoni na kitandani.

Thamani ya hatua hii haipaswi kudharauliwa. Mwanahistoria anayetaka kusimulia maisha ya kila siku bila kujua ni wangapi waliugua, waliugua nini na katika miaka ipi, huishia kuandika hadithi tamu. Hesabu ndiyo iliyomfanya Dibwe aweze baadaye kusikiliza masimulizi ya wazee bila kumezwa nayo. Mzee akisema kwamba zamani hakuna aliyekufa kambini kwa kukosa dawa, mwanahistoria huyu alikuwa amekwisha kuyapitia madaftari.

Hata hivyo takwimu zina kimya chake. Daftari la kampuni linaeleza kilo za unga zilizotolewa, ila halisemi nani nyumbani aliyekula kwanza. Linaonyesha kwamba mtoto aliletwa kupimwa, na linanyamaza juu ya yale aliyoyawaza mama yake alipokuwa akisubiri kwenye foleni. Aidha, daftari liliandikwa na mwajiri kwa shabaha ya mwajiri. Ili kuyajua yaliyobaki, ilibidi kubisha hodi.

4. Bana Shaba na baba zao wawili

Mwaka 1993 Dibwe alichapisha katika jarida la Zaïre-Afrique makala juu ya majukumu ya wanawake katika kambi za Union Minière kati ya mwaka 1925 na 1960. Mwaka 2001 vikafuata vitabu viwili: kimoja juu ya hali ya maisha ya wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines kuanzia 1910 hadi 1999, na kingine chenye jina linalochanganya lugha mbili, Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani wana wa Shaba walioachwa na baba yao, juu ya mamlaka katika familia ya mfanyakazi kati ya 1910 na 1997.

Jina hilo linastahili kuchambuliwa. Katika Kiswahili cha Katanga kiambishi cha watu katika wingi ni ba-, hivyo wana huwa bana. Shaba ni madini, lakini pia ni jina ambalo jimbo lenyewe lilipewa mwaka 1971 na kulibeba hadi 1997. Bana Shaba basi ni watoto wa madini na watoto wa jimbo kwa pamoja. Na baba aliyewaacha ni nani? Wafanyakazi walizoea kuitaja kampuni kuwa baba na mama yao. Kitabu kinaonyesha kwamba mtoto wa kambini alikuwa na baba wawili, mmoja wa damu na mmoja wa matofali na posho, na kwamba mamlaka ya wa kwanza yalisimama juu ya mabega ya wa pili.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Kampuni ilimtambua mwanamume mwenye ajira kuwa mkuu wa nyumba. Nyumba ilikuwa yake kwa sababu ya kazi yake, na posho, posho ya watoto na matibabu vilipitia katika jina lake. Mke ambaye kijijini alikuwa na shamba na ghala lake mwenyewe, kambini alijikuta akiishi kwa mkono wa mume. Kazi aliyotazamiwa kuifanya ni kuzaa, kupika na kutunza usafi. Mkuu wa kambi na wasaidizi wake waliweza kuingia uani, kukagua usafi, kuuliza kwa nini mtoto hakwenda shule, na kuamua ugomvi wa mume na mke. Wauguzi waliwapima watoto na kuwapa chakula. Baba alionekana kuwa mfalme wa nyumba, lakini ufalme wake ulikuwa wa kukopeshwa.

Ndiyo maana mkopeshaji alipoanguka, mfalme naye alianguka. Kampuni ilitaifishwa kuanzia tarehe 1 Januari 1967 na hatimaye ikajulikana kama Gécamines. Kwa miaka kadhaa mpango wa zamani uliendelea. Kisha bei ya shaba ikashuka katikati ya miaka ya 1970, vita vya Shaba vikalikumba jimbo mwaka 1977 na 1978, vya pili vikipiganwa Kolwezi kwenyewe, na mapato ya kampuni yakawa yananyonywa na serikali bila kurudishwa katika mitambo. Uzalishaji, uliokuwa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulikuwa chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulikuwa umeporomoka mwezi Septemba 1990.

Nyumbani, takwimu hizo ziligeuka kuwa jambo la aibu. Mshahara ulichelewa kwa miezi, na posho ikapungua hadi ikakoma. Mke akatoka kwenda sokoni kuuza unga, mkaa au maandazi, na watoto wakatafuta riziki yao njiani. Anayeleta chakula ndiye anayesikilizwa. Baba aliyekaa chini ya mwembe akingojea habari za mshahara alizidi kupoteza sauti. Hapa ndipo maana ya pili ya jina la kitabu inapojitokeza: watoto waliachwa na kampuni, kisha wakaachwa na baba wa damu, ambaye hakuwa amefundishwa njia nyingine ya kuwa baba. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, kila mmoja akipewa fedha za mkupuo mmoja. Kwa wengi, siku hiyo ndiyo iliyofunga rasmi mlango ambao Dibwe alikuwa ameanza kuueleza.

5. Jeraha la miaka ya 1992 na 1993

Ingekuwa rahisi kuandika historia ya kambi kana kwamba ilikuwa ya watu wa nyumba moja. Matukio yalikataa jambo hilo. Kuanzia Agosti 1992 huko Likasi, na kisha mwaka 1993 huko Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao kwa vitisho na kwa mapigo, wakati siasa ya jimbo ilipokuwa mikononi mwa Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza. Familia zilizoishi mji huo kwa vizazi viwili au vitatu zilisongamana katika vituo vya reli zikingojea gari moshi la kwenda nchi ambayo wengi wa watoto wao hawakuwahi kuiona. Wengi walikufa vituoni na njiani. Waliofukuzwa waliitwa bilulu, yaani wadudu. Neno la kawaida la Kiswahili cha Katanga, ambalo mama angeweza kulitumia akifagia uani, likageuzwa kuwa silaha.

Dibwe aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1999 katika jarida la Kanada la taaluma za Afrika, akilitazama kama utakaso wa kikabila uliojitetea kwa lugha ya kurekebisha dhuluma za zamani. Historia ya maisha ya kila siku ilionyesha hapa kwamba si pambo. Hoja ya waliofukuza ilikuwa ya kihistoria: kwamba wageni walikuja wakachukua nafasi za wenyeji. Jibu nalo lilikuwa katika madaftari yale yale ya ajira: watu hao waliajiriwa, wakasafirishwa na kupangiwa nyumba na kampuni iliyowahitaji, na ni kampuni hiyo iliyogawa vyeo na shule kwa namna iliyoacha kinyongo. Mwanahistoria anayeeleza ni nani alikaa nyumba ipi, aliletwa na nani na kwa mkataba gani, hutoa ushahidi unaoweza kumpokonya mchochezi uongo wake. Kwamba ushahidi huo ulichelewa kuwafikia wasomaji haupunguzi uzito wake.

6. Ukumbusho

Hatua ya tatu ilianza mwaka 2000, ulipoanzishwa mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambao Dibwe na Jewsiewicki walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Chuo kikuu na makumbusho ya mji vilishirikiana na wakazi wa kawaida, pamoja na wasanii, ili kukusanya na kuonyesha kumbukumbu za mji. Kitabu cha kwanza, kilichotoka mwaka 2001, kilibeba neno la Kiswahili mbele ya yote, Ukumbusho, na kilitaja aina tatu za ushahidi: picha, vitu na maneno. Mada zilizofuata zilikuwa za nyumbani na za mtaani: wanawake, mitindo ya mavazi na muziki, kazi ya jana na ya leo, kuishi pamoja. Mwaka 2010, mji ulipotimiza miaka mia moja, kilitoka kitabu chenye jina la Kifaransa na la Kiswahili kwa pamoja, na sehemu ya Kiswahili ikasomeka Ukumbusho wa mukini wa komponi. Komponi ndilo komboni la upande wa Zambia, neno lililotokana na Kiingereza na lililowataja vibarua kwa jina la mahali walipolazwa.

Uzito wa hatua hii ni wa kimbinu. Katika kitabu chake cha mwaka 2008 juu ya kufanya historia simulizi katika mji wa Kiafrika, Dibwe alijipima na Jan Vansina, ambaye mwaka 1961 alikuwa amewafundisha wanahistoria namna ya kuyatumia mapokeo simulizi. Mbinu ya Vansina ilikua katika nchi za falme, ambako yapo masimulizi yanayorithishwa na wapo watu wenye wajibu wa kuyatunza. Mjini hakuna mtunzaji wa namna hiyo. Kila mtu anakumbuka kwa niaba yake mwenyewe, na jirani yake anakumbuka vingine. Basi mwanahistoria wa mji husikiliza zaidi maisha ya mtu mmoja mmoja, hulinganisha masimulizi ya mume na ya mke, ya mfanyakazi na ya mchuuzi, na huuliza kwa nini yanatofautiana. Kitu nacho hufungua kinywa. Mwulize mzee habari za ukoloni, atakupa jibu alilolisikia redioni. Mwekee mbele yake sahani ya bati au pasi ya mkaa, ataanza kusimulia Jumapili moja ya mwaka fulani.

Yapo masimulizi mengi yanayoutukuza wakati wa Union Minière, wakati wa posho na shule zisizo na ada. Msomaji mwepesi anaweza kudhani kwamba wazee wanautamani ukoloni. Kazi za Dibwe zinasaidia kuzisoma sifa hizo kwa namna nyingine. Mtu asiyepata mshahara, anayemwona mjukuu wake akifukuzwa shuleni kwa kukosa ada, anapousifu mfuko wa unga wa zamani anatoa mashtaka juu ya leo. Sifa hizo ni ushahidi wa kweli kuhusu wakati zinaposemwa, na ni ushahidi wa kuhojiwa kuhusu wakati unaosifiwa. Hapo ndipo madaftari ya vifo ya mwaka 1990 yanaporudi mezani.

7. Kiswahili kama hifadhi

Mradi huo haukuzuka katika uwanja mtupu. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili historia ya Elisabethville aliyoiita kwa Kifaransa Vocabulaire. Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri, naye Walter Schicho akachangia uchambuzi wa lugha yake. Ni maandishi yasiyofuata tahajia ya shule, lakini yanaeleza namna mpishi na dobi walivyomwona bwana. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimchorea Fabian historia ya nchi katika picha zipatazo mia moja na kuzieleza kwa Kiswahili. Wachoraji wa Shaba na wateja wao walikuwa na neno la kutaja kazi ya picha ukutani: ukumbusho, kitu kinachomfanya mtazamaji akumbuke na kuzungumza. Mradi wa mwaka 2000 uliliokota neno kutoka sebuleni mwa watu.

Kolwezi nayo ina sehemu katika mlolongo huu. Ni katika parokia ya Ruwe ambako Padri Placide Tempels alianzisha Jamaa kuanzia mwaka 1953, miongoni mwa wafanyakazi wa migodi na wake zao, na mafundisho yake yakatolewa kwa Kiswahili. Fabian alipoichunguza miaka ya 1960, akaandika pia, mwaka 1973, juu ya neno moja tu: kazi. Kwa mfanyakazi wa Kolwezi, kazi haikuwa kila shughuli ya mikono. Mke alilima, alipika, alichota maji, lakini aliyekuwa na kazi ni mumewe. Hivyo neno moja lilibeba mpango mzima wa kambi ambao Dibwe aliueleza kwa kurasa nyingi. Mtafsiri anayeliandika kwa Kifaransa kama travail bila kueleza, analipoteza jambo lenyewe.

Huu ndio upungufu unaoweza kutajwa katika maktaba iliyokwisha kuandikwa. Sehemu kubwa ya masimulizi ilisemwa kwa Kiswahili na kuchapwa kwa Kifaransa. Majina ya vitabu yamebaki na Kiswahili. Ndani, sauti imebadilika. Lugha ya wazee hao, yenye njo mahali pa ndiyo, yenye mu- na ba-, yenye maneno ya Kibemba, Kiluba, Kifaransa na Kiingereza, si Kiswahili kilichoharibika kinachongoja kusahihishwa. Kila neno la kukopa ni alama ya mahali msemaji alipopita: mgodi, jeshi, shule, jiko la Mzungu. Kuyasanifisha masimulizi hayo ni sawa na kuosha kifaa cha kale hadi maandishi yake yafutike.

8. Yaliyobaki Kolwezi

Upungufu wa pili ni wa kijiografia. Lubumbashi imepata vitabu, maonyesho na mwanahistoria wake. Kolwezi, makao makuu ya Jimbo la Lualaba tangu jimbo hilo lilipoundwa mwaka 2015, haijapata ukumbusho wa kiasi hicho, na hapa muda ni mfupi zaidi. Mwaka 2014 madini ya kobalti yalipatikana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na wakazi wakaanza kuchimba mashimo ndani ya viwanja vyao. Katika Cité Gécamines, nyumba zimebomolewa na familia kuhamishwa tangu mgodi ulio jirani ulipofufuliwa mwaka 2015. Ulimwengu unahitaji kobalti kwa betri zake, na kobalti hiyo iko chini ya vyumba vya kulala vya bana Shaba.

Nyumba ikibomolewa, kiinua mgongo au fidia yaweza kujadiliwa. Lakini hakuna orodha ya fidia inayotaja kibaraza ambapo mkuu wa kambi alisimama, wala ukuta uliotundikwa picha ya ukumbusho, wala njia ambayo watoto wa 1993 waliipita wakielekea kituo cha reli. Kwa miaka mia moja kampuni zimeandika habari za mji huu kwa kipimo cha tani. Anayetaka kuuandika kwa kipimo cha watu anahitaji mambo ambayo kazi ya Dibwe imeyaonyesha: madaftari ya kumkinga na ndoto, familia kama mahali pa kuanzia, na sikio la kuwasikiliza wanaogombana juu ya kumbukumbu zao.

9. Hitimisho

Safari ya Dibwe dia Mwembu, kutoka takwimu za vifo hadi maonyesho ya vitu vya nyumbani, inaweza kuonekana kama kuhama kutoka sayansi kwenda simulizi. Kwa kweli ni swali moja lililofuatwa hadi mwisho: mtu wa kawaida aliishije, na nani ana haki ya kulieleza hilo? Mwaka 1990 jibu lilitafutwa katika maandishi ya mwajiri, mwaka 2001 katika familia, na baada ya hapo katika vinywa vya wakazi na katika lugha yao. Somo kwa taaluma za Kiswahili ni la vitendo. Kanda na maandishi ya masimulizi yahifadhiwe jinsi yalivyosemwa, yachapwe kwa Kiswahili chake pamoja na maelezo, na kazi hiyo ianzie pale ambapo wasimulizi wangali hai na nyumba zao zingali zimesimama. Wazee waliozaliwa Kolwezi ulipokuwa mji mchanga wamebaki wachache. Kila mmoja anayeondoka bila kusikilizwa anaacha nyuma yake tani za shaba zilizoandikwa vizuri, na Jumapili zake zote zikiwa hazijaandikwa.